Farasi asiye na viatu akianza kuumwa kwato, angalia kwanza ndoo ya chakula

Kila mvua ya mwezi wa nne ikishika naona kitu kile kile. Farasi aliyekuwa anatembea pekupeku vizuri tu anaanza kuogopa changarawe, anavuta kwenda pembeni pale penye majani, ukimgeuza kwa duara dogo anageuka kama mzee, na watu wanasema hapo hapo huyu apigwe viatu kwato zake ni laini. Mimi nimefanya usaisi, kazi ya kutunza farasi, miaka mingi huku juu upande wa Nanyuki na Timau, na naomba kabla hujaita fundi wa viatu uangalie huyu mnyama anakula nini, manake mawe ni yale yale ya mwezi wa pili na hakuwa anachechemea.

Anza na mapigo. Pitisha mkono hadi kwa kifundo cha mguu, sogeza vidole viwili nyuma kidogo pembeni, utapata mshipa unateleza kama uzi mnene chini ya ngozi, bonyeza polepole usubiri. Farasi mzima utatafuta hayo mapigo kwa taabu, wengine hata hutayasikia. Yakianza kukugonga vidole, haswa miguu yote miwili ya mbele, kuna moto ndani ya kwato. Fanya hivyo kila asubuhi ukimsafisha hata kama hana shida, dakika moja tu, ndio ujue ya kawaida yake ni gani. Mguu mmoja pekee ukigonga na hataki hata kuukanyaga, mara nyingi ni jipu la ndani ya kwato, hilo daktari au fundi wa kwato analitoboa usaha utoke kisha unaloweka mguu kwa maji ya uvuguvugu na chumvi ya Epsom. Harufu mbaya na uchafu mweusi kwenye ile pembetatu laini ya katikati ni kuoza, osha, kausha, badilisha matandiko.

Halafu angalia ukuta wa kwato. Mistari inayozunguka iliyo karibu karibu mbele na kuachana ikifika kisigino inakwambia huyu ameshaumwa huko nyuma, labda mara kadhaa, na hakuna aliyeona.

Ugonjwa wenyewe unaitwa laminaitisi. Ndani ya kwato kuna mfupa, na huo mfupa umeshikwa na ukuta kwa vikunjo vyembamba kama 550 hadi 600 vinavyoingiana kama vidole vya mikono miwili. Insulini ikiwa nyingi kwenye damu muda mrefu hivyo vikunjo vinavutika na kulegea, mfupa unaanza kukandamiza unyayo, kwa hivyo yeye anatembea juu ya kidonda usichokiona. Wanaopata sana ni wale wanene, haswa poni, wenye shingo iliyosimama mafuta magumu juu na vifungu vya mafuta pale mkia unapoanzia. Wengi tunafurahi tukiona farasi amejaa hivyo, tunasema analishwa vizuri.

Sasa majani. Jani linatengeneza sukari mchana kutwa jua likiwaka, usiku linaitumia kukua, kwa hivyo jioni ndio lina sukari nyingi na alfajiri ndio ina afadhali. Lakini huku kwetu kwenye baridi kama Timau, Molo au Limuru, usiku ukiwa wa baridi kali jani halikui na sukari inabaki pale pale hadi asubuhi, ukiona umande umeganda mweupe usimtoe mapema hivyo. Siku za kawaida mtoe alfajiri hadi kama saa tatu kisha mrudishe kwenye hei, yaani nyasi kavu. Na usidanganywe na uwanja ulioliwa hadi chini, kale kajani kafupi kanakochipuka baada ya mvua anakala siku nzima na kana sukari kuliko unavyodhani.

Hei iwe ndio chakula chenyewe. Nyasi ya Boma Rhodes iliyokomaa kidogo ni nzuri tu, si lazima iwe ya kijani kibichi. Mpime uzito kwa kamba: kifua kuzunguka nyuma ya miguu ya mbele, zidisha hiyo namba kwa yenyewe, zidisha kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mwisho wa makalio, zote kwa sentimita, kisha gawa kwa 11,880. Kifua 170 na urefu 150 unapata karibu kilo 365. Mnene mpe hei asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, huyo hapo ni kama kilo 5.5, na usishuke hapo bila daktari manake poni na punda ukiwanyima ghafla mafuta yanamwagika kwenye damu na wanaweza kufa. Loweka hei kwa maji safi dakika 30 hadi saa moja, sukari kiasi inatoka, mwaga hayo maji, lisha hapo hapo kabla haijachacha.

Ndoo ndio pale naumia roho zaidi. Mahindi, molasi, mkate uliobaki jikoni, vyote hivyo mwenye kwato zinazouma hapewi hata kwa mapenzi. Chakula cha ng'ombe wa maziwa na cha kuku usimpe farasi yeyote, vingine vina dawa inaitwa monensini, kuku hana neno nayo lakini farasi kidogo tu inamuua moyo. Pumba za ngano kila siku zina fosforasi nyingi, na nyasi ya Kikuyu ina kitu kinachofunga kalsiamu tumboni, ukichanganya hizo mbili miezi mingi farasi anavuta kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, leo anachechemea huku kesho kule, na uso unaanza kuvimba. Huyo anahitaji kalsiamu na mabadiliko ya majani, viatu havitamsaidia kitu. Na tafadhali usichanganye lusene na lusina. Lusene ni ile ya hei, kiasi kidogo ni sawa, lakini lusina ya miti tunayokatia mbuzi inamnyonyoa farasi singa, nywele za shingo na mkia, na kuharibu kwato kabisa, punda vilevile.

Kwenye madini, farasi wa kilo 500 anataka kama miligramu 400 za zinki na 100 za shaba kwa siku, na chumvi ya kawaida kama gramu 30. Biotini, ambayo ni vitamini, miligramu 20 kwa siku inasaidia ukuta dhaifu lakini ni kazi ya miezi. Seleni usiongeze kwa kukisia, ikizidi kwato zinapasuka na singa zinadondoka.

Kuna farasi jike mmoja sitamsahau. Alifungua stoo usiku akala mahindi ya kusaga, hatukujua kiasi gani, asubuhi anakula hei vizuri, macho mazuri, tukasema ameponea. Siku ya pili amesimama ameegemea nyuma miguu ya mbele ameitupa mbele, anatetemeka, hataki kuinua hata mmoja. Tulimpoteza. Ile siku ya kwanza ya kuonekana mzima ndio ilikuwa siku ya kumwokoa. Kwa hivyo akivamia nafaka piga simu kwa daktari dakika hiyo hiyo, na anza kuweka kwato zote kwenye barafu na maji, hadi juu ya kifundo, mfululizo siku mbili tatu, usingoje aumwe.

Jike akizaa na kondo la nyuma halijatoka ndani ya masaa matatu, nalo ni la kuita daktari, sumu yake inashuka kwato. Farasi mzee wa miaka 15 na kuendelea mwenye manyoya marefu yasiyopukutika apimwe ugonjwa wa homoni unaoitwa Cushing kwa damu, kuna dawa, pegolaidi, anapewa maisha yake yote. Na kama amewahi kuumwa hivi mwambie daktari kabla ya sindano yoyote ya steroidi.

Aliye na maumivu usimtembeze eti damu izunguke. Mpe banda lenye maranda mengi, kata sponji ya godoro umfunge chini ya kwato kwa tepu, dawa ya maumivu iamuliwe na daktari, na fundi wa kwato aje kila wiki 4 hadi 6 kupunguza ncha ya mbele ya kwato isimvute.

Kwato inakua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hivyo mpya kamili inachukua miezi 9 hadi 12. Lakini ukibadilisha chakula leo, baada ya miezi mitatu angalia juu kabisa karibu na manyoya, utaona mkanda mpya unashuka laini, umebana, umesimama wima kuliko ile ya zamani chini yake. Piga picha kila mwezi mahali pamoja, na ule mkanda ukifika nusu ya kwato mjaribu tena polepole kwenye changarawe.