Kuchagua Kamera na Lenzi kwa Video za Kampuni: Anza na Mahali Utakaposimama

Anayerekodi video za kampuni jijini Arusha haitwi kwa kazi ya aina moja. Leo anaweza kuwekwa nyuma kabisa ya ukumbi wa AICC, kile kituo cha mikutano cha kimataifa, arekodi hotuba ya mkurugenzi, kesho akawa katika ofisi finyu ya Njiro akimhoji mhasibu ambaye kiti chake kimegusana na kabati, na keshokutwa akaingia katika kitalu cha maua Usa River, ambako lenzi iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi hufunikwa na ukungu papo hapo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza kamera ipi ni nzuri, andika kazi tano unazozitarajia, na mbele ya kila moja uandike mambo matatu: utasimama umbali gani, mwanga utatoka wapi, na utarekodi kwa muda gani bila kukatiza.

Umbali ndio unaochagua lenzi, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua upana wa kihisi cha kamera, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ugawanye kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani ile namba ya milimita inayotaja lenzi, vyote kwa milimita, kisha uzidishe kwa umbali wako kwa mita; jibu ni upana wa eneo litakaloonekana. Kihisi kikubwa, kile cha fulu fremu, kina upana wa milimita 36, na kile cha APS-C hukaribia milimita 23.5. Ukiwa mita 15 kutoka jukwaani na lenzi ya milimita 200, fulu fremu itakuonyesha mita 2.7, yaani msemaji pamoja na maua ya mezani na bega la mshereheshaji, wakati kihisi kidogo kitakuonyesha takriban mita 1.8. Katika ile ofisi ya Njiro, ukiwa mita 2 kutoka kwa mhojiwa, lenzi ya milimita 35 kwenye kihisi kidogo itakupa upana wa mita 1.3 hivi, unaotosha kumchukua kuanzia kifuani. Ndiyo maana simcheki mtu anayeishi kwa mikutano akichagua Sony FX30 ya mwaka 2022 badala ya FX3 ya 2021, ingawa miili ya kamera hizo inafanana sana na FX3 ndiyo yenye kihisi kikubwa kinachofanya vizuri zaidi gizani.

Baada ya umbali, tazama namba ya tundu la lenzi, ile inayoandikwa kwa f: ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi. Lenzi ya f/4 hupokea nusu ya mwanga unaopokewa na ile ya f/2.8, na lenzi ya zumu iliyoandikwa f/3.5-5.6 hutia giza kadiri unavyovuta picha karibu, jambo linaloudhi sana katikati ya hotuba. Kwa fulu fremu, jozi ya lenzi za zumu za milimita 24-70 na 70-200, zote za f/2.8, humaliza kazi nyingi za kampuni. Fedha zikiwa haba, mimi ningebana kwenye mwili wa kamera na kuachia kwenye lenzi, kwa kuwa miili huzeeka haraka na lenzi nzuri hudumu kwa miaka mingi. Ukinunua iliyotumika, mulika tochi upande mmoja wa kioo na utazame upande wa pili: nyuzinyuzi kama za utando wa buibui ni kuvu, na lenzi hiyo iache palepale.

Kuhusu muda, nilijifunza kwa aibu. Katika mkutano mkuu wa kampuni moja, kamera yangu ya picha za mnato, ambayo kwa kawaida ilikoma kurekodi ifikapo dakika 29 na sekunde 59, ilikoma kimya kimya wakati mwenyekiti akisoma mapato ya mwaka, nami niligundua watu walipoanza kupiga makofi. Hakikisha kamera unayoitaka haina kikomo hicho, na uirekodishe saa nzima, ikiwezekana mchana wa joto la Moshi, kwa sababu nyingine hujizima zikipata joto. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 45 za kadi. Nunua kadi na betri kwa hesabu hiyo.

Sauti nayo huamua mwili wa kamera. Ile yenye matundu ya XLR, yaani ya plagi za maikrofoni za kitaalamu, itapokea waya kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti ya ukumbi, bila vibadilishi vinavyolegea, na mteja atakusamehe picha yenye chembechembe kabla hajakusamehe hotuba isiyosikika.

Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za ukumbini humetameta mara 100 kwa sekunde. Rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde. Kamera iliyopangwa kwa fremu 30 na shata ya 1/60 inaweza kukuletea michirizi inayotembea ukutani. Nje, katika jua kali la mchana, shata hiyo hiyo pamoja na ISO 800, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga, na f/4 hudai kupunguza mwanga kwa takriban stopu 8, na kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu. Kwa hiyo ama ununue kamera yenye kichujio cha ND, yaani kioo cha kupunguza mwanga, ndani yake, kama Canon C70, ama utenge fedha za kichujio cha kufunga mbele ya lenzi.

Mwisho, kabla ya kulipa, fungua menyu. Baadhi ya kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina lugha ya Kijapani pekee, na bei yake ya kuvutia haikusaidii pale unapohesabu mistari kwa kidole ukitafuta mpangilio wa fokasi, huku mkurugenzi amekwisha kaa na anatazama saa yake.