Koliasi: kutoka tawi moja hadi kibaraza kizima

Wateja wengi wanaofika kitaluni kwangu hapa Pasiansi, Mwanza, huulizia mbegu kwanza. Za koliasi, mmea wa mapambo unaopendwa kwa majani yake ya rangi, siuzi. Mbegu zake hazirudishi rangi ya mama: ukipanda kumi, waweza kupata sura kumi. Kama umependa ile ya damu ya mzee yenye ukingo wa kijani uliyoiona kwa jirani, piga hodi uombe tawi.

Koliasi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na ni ukoo mmoja na mnanaa, mrehani na kivumbasi. Papasa shina utasikia pembe nne, na majani yamekaa mawili mawili yakitazamana. Ila pembe nne peke yake zisikudanganye. Lantana ya kwenye ua nayo inazo, na si ya ukoo huu. Wakati huohuo mtiki, huohuo wa mbao za milango, ni ndugu yao. Nilipoambiwa nilidhani nataniwa.

Hatua ya 1: Kata tawi

Kata asubuhi na mapema, mmea ukiwa umeshiba maji. Chagua tawi changa lisilo na ua, urefu wa sm 10 hivi, ukate chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapoota, maana mizizi hupenda kutokea hapo. Ondoa majani ya chini, bakiza jozi mbili za juu. Kama majani ni makubwa, yakate nusu kwa mkasi. Yatachukiza macho kwa siku chache, lakini hayatanyonya maji kuliko shina linavyoweza kuleta.

Hatua ya 2: Otesha

Glasi ya maji dirishani inatosha. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na hakikisha hakuna jani linalozama, litaoza. Ndani ya wiki moja au mbili utaona mizizi. Ikifika sm 2 au 3, hamishia kwenye udongo. Watu hufurahia kuitazama ikijaa glasi nzima, lakini mizizi iliyolelewa majini muda mrefu husumbuka sana ikikutana na udongo.

Mimi mara yangu ya kwanza niliotesha matawi thelathini mwezi wa nane, nikayapanga barazani chini ya bati. Kufika saa nane mchana, kwa joto la bati, yalikuwa kama mchicha uliochemshwa.

Hatua ya 3: Udongo

Hapa ndipo Mwanza inapotutofautisha. Mlimani, katikati ya mawe, tuna luseni, kichanga kinachopitisha maji kabla hujaweka ndoo chini. Bondeni kuna mbuga, udongo mweusi unaoshika maji kisha unapasuka kiangazi. Kwa luseni, changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Kwa mbuga, ongeza ndoo nzima ya mchanga na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi. Mashineni pumba hazikosekani. Samadi ya kuku mbichi usiiguse, itaunguza mizizi.

Kiriba (mfuko wa kuoteshea miche), kopo la rangi, ndoo iliyovunjika mkono, vyote vinafaa mradi vitobolewe chini.

Hatua ya 4: Mahali

Jua la asubuhi hadi saa nne, kisha kivuli. Chini ya mwembe ni pazuri. Jihadhari na mawe yetu: jabali linalokupa kivuli saa tisa ndilo lililokaangwa tangu saa tano, na litaendelea kutema joto hadi usiku. Acha nafasi ya hatua mbili. Upepo wa ziwani nao huvunja matawi, kwa hiyo panda upande wa nyumba usioelekea maji. Mwagilia ukiona udongo wa juu umekauka.

Hatua ya 5: Mkono usiogope

Mmea ukifika sm 15, kata kilele juu tu ya jozi ya majani. Patatoka matawi mawili. Nayo yakirefuka, yakate. Ukionea huruma, utapata fimbo ndefu yenye majani juu tu. Vishada vya maua ya zambarau vikichomoza, vikate pia. Mmea ukianza kuzaa mbegu, majani hudumaa.

Ukiona unga mweupe kwenye makwapa ya majani, hao ni wadudu. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, geuza na chini ya jani.

Kupanga

Koliasi ziweke barazani, zisichanganywe na mimea ya juani. Penye jua panda salvia nyekundu, tena mbegu zake zinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia, zinataka mwanga. Ikichanua, ndege chozi watakuja wenyewe. Kivumbasi kikae karibu na dirisha la chumba cha kulala: mbu hawaipendi harufu yake, ingawa chandarua kibaki palepale. Mrehani nauchanganya na waridi kwenye chombo cha mezani, huweka harufu sebuleni siku kadhaa.

Mwezi wa tisa mwishoni, kabla ya vuli, kata matawi mapya kutoka kwenye koliasi zako za zamani, maana mashina yake yatakuwa yamekomaa kama kuni. Ya ziada mwekee jirani aliyekupa tawi la kwanza. Huenda lake limeshakufa.