Somo: Urudie GMAT, au upeleke alama ulizo nazo?

Mtu akitoka chumba cha mtihani wa GMAT, ule wa kuingilia vyuo vya biashara kusomea shahada ya uzamili, na alama 585, simu ya kwanza anampigia mama, ya pili anamtangazia rafiki kwamba atarudia. Bado hajaangalia chochote. Mtihani huu unagharimu karibu dola 300, yaani zaidi ya milioni moja ya shilingi zetu, na kwa wengi hapa Kampala hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Pesa ya namna hiyo haitolewi kwa hasira. Pitia hatua hizi kwanza, kwa mfuatano huu huu.

Hatua ya 1: Hakikisha unajua mizani unayopimwa nayo

Toleo jipya la GMAT lilianza Novemba 2023, na la zamani likafungwa mwishoni mwa Januari 2024. Alama za sasa zinaanzia 205 hadi 805, na zote zinaishia na 5. Kwa hiyo mjomba aliyesoma Uingereza enzi zile akikuambia "bila 700 usijisumbue", anazungumzia mizani iliyokwisha kustaafu. Ukilinganisha nafasi ya mtu kati ya watahiniwa wengine, 645 ya leo inasimama karibu na 700 ya zamani. Wapo watu wenye 645 wanaolia kwamba wamefeli! (Sisi tuliokua tukishangilia aggregate 4, alama bora kabisa ya kumaliza shule ya msingi, tunapaswa kuwa wepisi wa kuelewa kwamba namba bila mizani yake haisemi kitu.)

Hatua ya 2: Weka alama yako kando ya moki zako

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua moki, yaani mitihani ya majaribio, zile rasmi za mba.com, tovuti ya wenye mtihani. Mbili za kwanza ni za bure. Moki za vitabu vya mitaani usizihesabu, na moki uliyoisimamisha katikati ukaenda kununua rolex (chapati ya mayai) usiihesabu pia. Nataka ile uliyokaa saa mbili na robo, simu imezimwa, na mapumziko ya dakika kumi tu kama mtihani unavyoruhusu.

Tuseme moki zilikupa 625 na 635, siku yenyewe ukapata 565. Pengo hilo lina sababu, na sababu huwa inatajika: uliumwa, hukulala, ulikwama Jinja Road ukafika unatweta, au ulizama kwenye swali moja dakika sita. Mtu wa namna hii arudie. Uwezo anao tayari, siku ndiyo iliyomwangusha.

Sasa tuseme moki zilikupa 575 na 565, na siku yenyewe 565. Hakuna kilichoharibika hapo. Mtihani umesema kile kile moki zilichokuwa zinasema. Ukilipa tena bila kubadilisha namna unavyosoma, unainunua 565 ya pili. Tena kumbuka kwamba kipimo chenyewe kina mtikisiko wa pointi 30 au zaidi: mtu yule yule, akili ile ile, anaweza kupanda au kushuka kiasi hicho kwa bahati tu. Anayerudia ili aongeze pointi 20 anacheza bahati nasibu ya dola 300.

Hatua ya 3: Soma ripoti kwa sehemu

Jumla inaficha mambo. Sehemu ni tatu: hesabu, lugha, na uchambuzi wa data. Kila moja ina dakika 45, alama zake ni 60 hadi 90, na zote tatu zina uzito sawa. Wengi ninaowafundisha wanapigana na hesabu usiku na mchana, kumbe wanazama kwenye data: maswali 20, kila moja dakika mbili na robo, majedwali yanayotaka upangue safu, na yale maswali yanayouliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu. Hayo ya mwisho zamani yalikuwa kwenye hesabu.

Angalia pia muda. Ripoti inaonyesha ulivyoutumia. Ukikuta maswali matano ya mwisho uliyajibu kwa sekunde ishirini ishirini, tatizo lako ni saa, na saa inarekebishika ndani ya wiki chache. Na kama uliacha maswali bila kuyagusa, hapo ndipo pointi zilipokwenda, maana swali lisilojibiwa lina adhabu kali.

Swali moja muhimu: ulisomea nini? Kama ni yale makabrasha ya kopi kutoka Wandegeya yenye jiometri, kusahihisha sentensi na insha, umesomea mtihani ambao haupo tena. Vyote vitatu vimeondolewa. Hiyo ni sababu halali kabisa ya kurudia, mradi safari hii upate vifaa vya toleo jipya.

Hatua ya 4: Uliza chuo kinataka nini

Fungua ukurasa wa chuo, tafuta alama za darasa lililoingia mwaka jana. Usishikilie wastani tu. Tazama kiwango cha chini na cha juu pale wanapokionyesha. Kama uko ndani, wiki zilizobaki zipe insha na barua za mapendekezo. Ninayemruhusu kwenda kinyume ni anayetafuta skolashipu, kwa sababu vyuo vingi huangalia alama pale pesa inapogawanywa. Na kama unalenga vyuo vya hapa nyumbani, MUBS (chuo cha biashara cha Makerere) pale Nakawa au UMI (Uganda Management Institute), soma masharti yao kabla hujamlipa mtu yeyote dola.

Hatua ya 5: Kalenda

Lazima zipite siku 16 kati ya mtihani na mtihani, na huwezi kuzidi mara tano ndani ya miezi 12. Siku 16 zinatosha kama kilichokuangusha ni malaria. Kama ni hesabu za visehemu na asilimia za darasa la saba, hazitoshi, jipe miezi miwili au mitatu. Vyuo vingi vya Marekani hufunga awamu ya pili mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo rudia Novemba. Ukisubiri Desemba utakuwa unasoma katikati ya kwanjula (sherehe za kutambulisha wachumba) na safari ya kijijini, na shangazi hatakuelewa.

MASWALI YA WANACHAMA (majibu ni yangu)

Dada wa Mbarara: Mwalimu, habari za kazi. Nikirudia, chuo kitaona zile alama mbovu za kwanza?

Nzuri dada. Chuo kinaona zile unazokitumia tu, nawe unachagua baada ya kuona matokeo. Lakini fomu ya maombi ikiuliza umefanya mara ngapi, sema kweli. Kurudia si aibu kama tulivyozoeshwa kwenye kurudia S.6 (kidato cha sita), vyuo vingi hutumia alama ya juu.

Kaka wa Gulu: Hesabu ya GMAT imenishinda mara mbili. Nihamie GRE?

Inawezekana, GRE ni mtihani mwingine wa kuingilia shahada ya uzamili, na vyuo vingi vya biashara vinapokea yote mawili. Kwenye GRE una kikokotoo sehemu ya hesabu, ambacho GMAT inakunyima kwenye hesabu, ila jiometri ipo na maneno magumu ya Kiingereza ni mengi. Fanya kwanza moki moja ya bure ya GRE, halafu lipa. Kuhama kwa sababu umechoka tu, hapana.

Mwanachama wa Ntinda: Nina 655, chuo changu wengi wako 605 hadi 685. Nataka 705.

Ya nini?

Baba wa watoto wawili, Jinja: Naikataa hatua ya pili. Moki zangu zilikuwa sawa na mtihani, nikarudia, nikapanda pointi 70.

Ulibadilisha nini katikati, mzee?

Baba wa watoto wawili, Jinja: Niliacha kusoma baada ya kazi, nikawa naamka saa kumi alfajiri. Na nikaanza daftari la makosa.

Basi hujaikataa. Daftari hilo, kila kosa na sababu yake, ndilo lililokupandisha. Moki zako za kabla ya mtihani wa pili zilikuwa ngapi?

Baba wa watoto wawili, Jinja: Zilikuwa zimeshapanda.

Mwanachama wa Arua: Safari hii nifanyie nyumbani mtandaoni ili niokoe nauli?

Ndugu, fikiria umeme kwanza. Unatakiwa uwe peke yako chumbani, meza tupu, asiingie mtu, hata mtoto anayetafuta chaja. Laptopu yenye betri nzuri itavumilia umeme ukikatika, ruta haivumilii. Mimi ningepanda basi siku mbili kabla, nikalala kwa ndugu Kampala, nikafanyia kituoni. Na beba pasipoti, majina yafanane na usajili herufi kwa herufi. Sisi wenye jina la ukoo mbele huku na nyuma kule, hilo litazame leo, kabla hujalipa.