Kipimo cha Mantoux: jinsi ya kuchoma na kusoma jibu la seli T

Kipimo cha Mantoux huonyesha kama seli T, yaani seli za kinga, zimewahi kukutana na bakteria wa kifua kikuu. Chupa ya tuberkulini, yaani protini ya bakteria hao, ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga. Vuta mililita 0.1 pale pale unapotaka kuchoma. Protini hii hunata kwenye kuta za bomba, na ukichelewa dozi hupungua.

Safisha upande wa ndani wa kigasha kwa spiriti, uache ukauke. Vuta ngozi ikazike, laza sindano ya geji 27 mdomo ukitazama juu, sukuma polepole. Lazima kiinuke kiputo cheupe cha milimita 6 hadi 10, chenye vitundu kama ganda la chungwa. Kisipoinuka, dawa imepita chini ya ngozi: rudia umbali wa sentimita 5 au zaidi. Usisugue wala kufunga bandeji.

Jibu husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Kwa nini usubiri hivyo? Seli za ngozi humeza ile protini, huikatakata, kisha huvitandaza vipande juu ya molekuli za MHC, vibao vya kuonyeshea vipande hivyo. Seli T huja kuvipapasa. Kila moja ina kipokezi cha aina yake, na ni ile tu ambayo kipokezi chake kinashika kipande barabara ndiyo huitika. Ila mkia wa kipokezi ni mfupi mno kupeleka habari ndani; kazi hiyo ni ya jirani zake, protini za CD3. CD4, protini nyingine juu ya seli T, husogeza kimeng'enya Lck, Lck hubandika fosfati kwenye mikia ya CD3, kimeng'enya kingine ZAP-70 hujishikiza hapo, kalsiamu hupanda ndani ya seli, na jeni ya interferoni gama, protini ya kuamsha seli nyingine, huwaka. Kuwasha seli ni suala la dakika. Kinachokula siku mbili ni seli nyingine kuitwa zikajazana mpaka ngozi ikawa ngumu.

Basi pima ugumu, usipime wekundu. Wekundu ni mishipa ya damu iliyotanuka tu. Kokota ncha ya bolpeni kutoka nje kuelekea katikati. Inapokwama ndipo ukingo ulipo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, kisha weka rula kwa kukingama mkono. Andika milimita hata zikiwa 0. Neno "hasi" peke yake halimsaidii atakayesoma kadi baadaye.

Kwa anayeishi na VVU, milimita 5 au zaidi ni chanya. Kwa wengine wengi wa nchi zenye kifua kikuu kingi, 10. Chanjo ya kifua kikuu, BCG, nayo huweza kuinua uvimbe. Na sifuri isikutulize upesi: VVU hushambulia seli hizo hizo zenye CD4, kwa hiyo bakteria wanaweza kuwapo na asiwepo wa kujibu. Utapiamlo mkali, surua na dawa za steroidi hufanya vivyo hivyo. Kama mtu anahitaji chanjo ya surua, apewe siku ile ile ya kipimo. Kama alichanjwa kabla ya siku hiyo, subiri wiki 4 ndipo umpime.