Jinsi ya kupiga filamu fupi ya urafiki wa utotoni: watoto watatu, safari moja, dakika 12

Filamu ya watoto wanaotoroka nyumbani kwenda kutafuta kitu haihitaji fedha nyingi. Inahitaji urafiki unaoonekana, na urafiki ndicho kitu ambacho mtoto hawezi kukiigiza. Anaweza kuigiza hasira, hofu, hata kilio. Lakini ukimkutanisha na wenzake asubuhi ya kwanza ya kurekodi, mtazamaji ataona watoto watatu wasiojuana wamepangwa mstari. Ndiyo maana karibu nusu ya kazi hii hufanyika kabla kamera haijawashwa.

Hatua ya 1: Andika safari

Ukurasa mmoja wa skripti hutoa takriban dakika moja ya filamu, basi lenga kurasa 12. Siku moja ya hadithi, mahali pamoja pa kufika, watoto watatu. Watatu ni idadi nzuri kwa sababu wawili wanaweza kumgeuka mmoja wakati wowote, na anayegeukwa anaweza kubadilika kila onyesho. Wakiwa wanne hujigawa wawili wawili na hadithi hupasuka katikati. Wakiwa watano, kila mazungumzo yatakudai shoti za ziada ambazo muda wake huna.

Mpe kila mtoto sababu ya kwenda anayoisema na nyingine anayoificha. Mmoja anasema anataka kuuona mtumbwi uliozama. Kumbe familia yake inahama wiki ijayo na hajamwambia mtu. Siri hiyo ndiyo itakayolipuka kwenye ugomvi. Ugomvi uweke ukurasa wa 8 au wa 9, maana mapema kuliko hapo hakuna kilichojengwa cha kubomoka. Kila kauli isizidi maneno kumi hivi, na mtoto asiseme jambo ambalo mtu mzima tu angelisema akikumbuka utoto wake. "Sitausahau mchana huu" ni sauti ya mwandishi. Mtoto angesema, "Tukifika, wa kwanza mimi."

Hatua ya 2: Usaili wa kundi zima

Usiwape karatasi wasome. Kusoma vizuri kwa sauti na kuigiza vizuri ni vipaji viwili tofauti. Waingize watatu watatu, wape kamba ya mita tano, sanduku tupu na dakika kumi za kutengeneza chochote, kisha kaa kimya. Rekodi kwa simu iliyowekwa usawa wa macho yao. Unapoangalia baadaye, zima sauti, umtazame yule asiyesema. Anamwangalia mwenzake au anaiangalia kamera? Mtoto anayesikiliza ataibeba filamu hata akiwa na kauli nne tu. Changanya makundi walau mara tatu kabla ya kuamua, kwa kuwa mtoto yuleyule huchangamka na huyu akafifia na yule.

Waulize wazazi habari za meno. Kati ya miaka 6 na 8 meno ya mbele hung'oka, na kwa wavulana wengi wa miaka 12 hadi 14 sauti inabadilika. Umri wa miaka 9 hadi 11 una usumbufu mdogo zaidi. Hata hapo, maliza kurekodi ndani ya wiki tatu. Ukiacha pengo la miezi mitano, mtoto aliyeingia pangoni siye atakayetoka.

Idhini ya mzazi iwe ya maandishi. Soma sheria ya ajira ya watoto kabla ya kupanga ratiba, maana saa zinazoruhusiwa hutofautiana nchi na nchi. Hata sheria ikiruhusu zaidi, panga saa tano eneo la kazi, tatu tu mbele ya kamera. Awepo mtu mzima ambaye kazi yake pekee ni watoto: maji, kivuli, chakula, choo. Asipewe maikrofoni wala stendi ya kushika.

Hatua ya 3: Siku nane za kucheza

Hii ndiyo hatua inayofutwa fedha zikipungua, na ndiyo ambayo haifai kufutwa. Panga siku nane, saa mbili kila siku. Siku nne za kwanza kamera isiwepo kabisa. Watengeneze wenyewe kitu kitakachoonekana kwenye filamu, kama mkokoteni, ramani au kibanda cha matawi. Wakigombania nyundo, waache wamalize wenyewe mradi hakuna anayeumia. Wabuni salamu yao ya mikono na majina yao ya utani, na majina hayo yaingie kwenye skripti badala ya yale uliyoyatunga.

Siku ya tano leta kamera, iwe imezimwa. Ya saba iwashe. Fanyeni mazoezi ya mienendo tu, yaani nani anatoka wapi na anasimama wapi. Maneno ya ugomvi na ya kuagana yasifanyiwe mazoezi ya kurudiarudia. Mtoto akishayazoea, huyatamka kwa mdundo wa shairi la darasani, na mdundo huo hautoki tena.

Hatua ya 4: Ratiba

Rekodi kwa mpangilio wa hadithi kadiri maeneo yanavyoruhusu. Mwongozaji Steven Spielberg alifanya hivyo kwa sehemu kubwa ya E.T. (1982), filamu ya watoto wanaofanya urafiki na kiumbe kutoka anga za mbali, ili watoto wafike kwenye kuagana wakiwa wameshaishi na kiumbe yule. Ukilazimika kuruka, usivuke ugomvi: maonyesho yote ya kabla yake yaishe kwanza. Siku ya ugomvi, urekodi asubuhi, kisha umalizie na onyesho la mchezo, watoto wasirudi nyumbani wamenuniana.

Hatua ya 5: Kamera

Lenzi iwe usawa wa macho ya watoto, kwa umri huu kati ya sentimita 115 na 135 kutoka ardhini. Pima kila mtoto, kisha tia alama kwenye stendi. Kamera ikiwekwa urefu wa mtu mzima, kila shoti huwa ya mzazi anayechungulia.

Weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, 1/50 ya sekunde. Usifungue lenzi hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, lenzi imefunguka zaidi) ukitafuta mandhari ya nyuma iliyofifia, kwani mtoto hasimami kwenye alama na utakosa foksi, yaani sura itatoka bila kuonekana vizuri, katika shoti nzuri kuliko zote. Kaa f/4 hadi f/5.6, na juani tumia kichujio cha kupunguza mwanga.

Kwa kawaida shoti pana hutangulia. Kwenye onyesho la machozi geuza: anza na uso, kwa sababu baada ya kurudia mara tatu au nne mtoto huanza kujinakili.

Chunga upande wa mwendo. Wakienda wakitoka kushoto mwa fremu kuelekea kulia, iwe hivyo safari nzima, na kurudi kuwe kulia kwenda kushoto. Ukichanganya, mtazamaji atadhani wamekata tamaa njiani. Nguo za kila mtoto ziwe pea tatu zinazofanana (safi, ya vumbi, iliyochanika), na andika kidonda kiko goti lipi.

Hatua ya 6: Sauti

Watoto husemea kifuani na hupiga kelele bila onyo. Weka kilele cha sauti karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa sauti, na kinasa kikiruhusu, rekodi nakala ya pili ya akiba iliyo chini kwa desibeli 10. Maikrofoni za nguoni hukwaruzwa wakikimbia, basi maikrofoni iliyofungwa kwenye ufito mrefu na kushikwa juu ya vichwa vyao ndiyo itegemewe. Kila eneo, nasa sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo na dakika moja ya vicheko vyao halisi. Vicheko vya kuigiza husikika papo hapo.

Hatua ya 7: Hatari ya kwenye picha tu

Maji yasipite goti. Fremu ikatie kiunoni, na watoto wapige magoti. Jabali la kuruka liwe la sentimita 60, kamera ikiwa chini kabisa. Kwa mnyama mkali, simama mita 40 mbele ya watoto na lenzi ya milimita 200, ambayo huvuta vya mbali karibu: fahali aliyefungwa mita 25 nyuma yao ataonekana yuko hatua chache tu. Usiku urekodi ndani ya nusu saa baada ya jua kuzama, anga likiwa bado buluu.

Hatua ya 8: Uhariri

Mkato wa kwanza unaweza kufika dakika 16. Anza kupunguza kwenye maelezo, uache kimya chao. Mara nyingi kaa na uso wa anayesikiliza hata mwenzake akiwa bado anasema; siku nane za kucheza zinaonekana hapo. Kuagana kuwe shoti moja pana, kamera imetulia, na usikate anayebaki anapogeuka. Ngoja sekunde kumi, kwa sababu mara nyingi mtoto hugeuka tena kuangalia kama mwenzake bado yupo.