Somo: Kupanga mifano ya msimbo kwenye nyaraka za moduli za Apache

Habari za jioni wakuu. Tangu tuanze kuandika nyaraka za Kiswahili kwa watengeneza moduli (vipande vya kuongezea uwezo) za Apache, programu ya seva ya wavuti, hapa Kigoma, swali linalonijia ni moja tu, linabadilisha nguo: "Nimenakili mfano kama ulivyo, mbona kompaila inagoma?" (Kompaila ni programu inayogeuza msimbo uwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha.) Nimelijibu sokoni Mwanga, nimelijibu Kibirizi nikisubiri boti, juzi nimelijibu saa tano usiku. Leo naliandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Anayesoma mifano yetu mara nyingi hana mtu wa kumuuliza pembeni. Ana karatasi ya kopi, au simu yenye bando linaloelekea kuisha. Mfano ukimfikia umepungua herufi moja, hajui kwamba kosa ni letu. Anadhani ni yeye asiyeiweza lugha ya C.

Nitatumia moduli hii ndogo:

```c
#include <string.h>
#include "httpd.h"
#include "http_config.h"
#include "http_protocol.h"

static int salamu_handler(request_rec *r)
{
    if (!r->handler || strcmp(r->handler, "salamu")) {
        return DECLINED;
    }
    ap_set_content_type(r, "text/html");
    ap_rputs("<p>Karibu Kigoma</p>\n", r);
    return OK;
}

static void salamu_hooks(apr_pool_t *p)
{
    ap_hook_handler(salamu_handler, NULL, NULL, APR_HOOK_MIDDLE);
}

module AP_MODULE_DECLARE_DATA salamu_module = {
    STANDARD20_MODULE_STUFF,
    NULL, NULL, NULL, NULL, NULL,
    salamu_hooks
};
```

Hatua ya 1. Andika mfano kwenye faili lake, `mod_salamu.c`. Usiuandikie ndani ya nyaraka.

Hatua ya 2. Ukompaili kabla hujamwonyesha mtu: `apxs -c -Wc,-Wall mod_salamu.c`. Kwenye Debian na Ubuntu, apxs, zana ya kukompaili moduli za Apache, inakuja na kifurushi cha `apache2-dev`.

Hatua ya 3. Ondoa Tab zote, weka nafasi 4 kwa kila ngazi, mstari usizidi herufi 80. Ndivyo mradi wa Apache wenyewe unavyoandika. `expand -t 4` itakufanyia kazi ya Tab.

Hatua ya 4. Chagua kisanduku sahihi. Nyaraka za Apache zinaandikwa kwa XML, na HTML, ambayo kivinjari kinaisoma, inazalishwa kutoka humo, kwa hiyo usihariri faili la HTML. Likizalishwa upya kazi yako imefutika. Msimbo wa C unakaa ndani ya `<highlight language="c">`, mipangilio ya seva ndani ya `<highlight language="config">`. Mkikuta kurasa za zamani zenye `<example>` na `<br />` mwisho wa kila mstari, msiige.

Hatua ya 5. Alama za `<`, `>` na `&`. Hapa someni polepole.

Mwaka jana niliandaa somo la kwanza la moduli, nikaprinti nakala 30 steshenari, nikapanda basi kwenda Kasulu. Nilikuwa nimebandika msimbo moja kwa moja kwenye ukurasa wa HTML. Kivinjari kilipoiona `<string.h>` kikadhani ni tagi kisichoijua, kikaificha. Ile `<p>` ndani ya `ap_rputs` kikaifanya aya ya kweli. Kwenye karatasi mstari wa kwanza ukabaki `#include` peke yake, na maneno "Karibu Kigoma" yakaruka kwenda mstari wa chini bila tagi zake. Sikukagua. Vijana walihangaika saa mbili nzima, kila mmoja akichungulia kwa jirani yake kama kuna alichokosea, mpaka binti mmoja akanyoosha mkono: "Kaka, include kitu gani?" Saa mbili zile sikuweza kuwarudishia.

Kwa hiyo: `&` inaandikwa `&amp;`, `<` inaandikwa `&lt;`, `>` inaandikwa `&gt;`. Kwa kuwa msimbo wa C umejaa `r->handler` na anwani zenye `&`, usifanye kwa mkono. Tumia amri hii ya sed, inayobadilisha maandishi:

```
sed -e 's/&/\&amp;/g' -e 's/</\&lt;/g' -e 's/>/\&gt;/g' mod_salamu.c
```

ONYO la kwanza: `&` lazima itangulie. Ukiibadilisha mwishoni, ile `&lt;` uliyokwisha kuitengeneza itageuka `&amp;lt;`, na msomaji ataona `&lt;string.h&gt;` kwenye ukurasa wake.

ONYO la pili: usiipitishe faili hiyohiyo mara mbili. Matokeo ni yaleyale.

ONYO la tatu ni kwa wanaopenda CDATA, yaani sehemu ya XML inayosomwa kama maandishi tu. Ni kweli ukifunga msimbo kati ya `<![CDATA[` na `]]>` huhitaji kubadilisha kitu, na mimi mwenyewe naipendelea kwenye XML. Lakini CDATA inaishia pale inapokutana na `]]>` ya kwanza, hata kama hiyo ni sehemu ya C yako. Mstari kama `if (bei[nafasi[i]]>0)` unaifunga katikati, na yanayofuata yanasomwa kama XML. Acha nafasi moja kabla ya `>`: `if (bei[nafasi[i]] > 0)`. Kwa C hakuna tofauti yoyote, na macho yanasoma vizuri zaidi.

XML ikikutana na `<string.h>` isiyofungwa inakataa kuzalisha ukurasa, angalau unajua mapema. HTML inanyamaza. Ndiyo maana naiogopa zaidi.

Hatua ya 6. Alama za kunukuu ziwe zilizonyooka. Ukipitisha msimbo kwenye programu ya kuandikia barua, inazipinda ziwe “ na ”, na mistari miwili midogo `--` inaunganishwa kuwa mmoja mrefu. Kompaila italalamika kwa neno `stray`, mara nyingi pamoja na namba `\342`. Kuzisaka: `grep -nP '[^\x00-\x7F]' mod_salamu.c`.

Hatua ya 7. Nakili mfano kutoka kwenye ukurasa uliokamilika, uhifadhi kama faili jipya, linganisha kwa `diff` na faili lako la mwanzo, kisha kompaili tena. `diff` isiporudisha neno lolote, umemaliza.

---

Maswali

Kijana wa Gungu: Mkuu nimefuata zote ila haifanyi kazi. Nisaidie haraka.

Jibu: Haifanyi kazi vipi? Kompaila imesema nini, mstari wa ngapi?

Kijana wa Gungu: Imesema stray kitu gani sijui.

Jibu: Hatua ya 6. Neno hilohilo liko pale.

Kijana wa Gungu: Sawa, nimeona. Niliandika kwenye Word.

Wa Katubuka: Kaka, kwa nini tusipige picha ya skrini tukaiweka? Inaonekana vizuri na rangi zake, hakuna cha lt wala gt. Unatupa kazi bure.

Jibu: Picha hainakiliki. Haitafutiki. Inakula bando kuliko maandishi. Asiyeona, anayesomewa na programu, hapati hata herufi moja. Ukirekebisha mstari mmoja unapiga picha upya. Sikuwapa kazi bure. Nimewaeleza kilichonikuta Kasulu.

Dada wa Ujiji: Shikamoo kaka. Nina mawili. Kwanza, `strcmp` inarudisha nini mpaka tunajibu DECLINED? Naona kama imegeuzwa. Pili, kwenye nyaraka nionyeshe faili zima au kipande tu? Ninaandika sura ya kusoma vigezo vya ombi.

Jibu: Marahaba dada. La kwanza: `strcmp` inarudisha 0 maneno yakilingana, na C inaihesabu 0 kuwa si kweli. Kwa hiyo `if` inaingia pale maneno yanapotofautiana, yaani ombi si letu, na DECLINED inaiambia Apache iwaulize moduli wengine. Na `!r->handler` imetangulia kwa sababu handler inaweza kuwa NULL. Maana `strcmp` ikipewa NULL mchakato unaweza kuanguka. Kwa C, upande wa kushoto wa `||` ukishakuwa kweli, wa kulia hauguswi. Ukiweza, andika maelezo haya chini ya mfano wako, maana wengi wanaona kama wewe kwamba imegeuzwa lakini hawaulizi.

La pili: weka vyote. Katikati ya maelezo onyesha kipande, ili msomaji aone jambo moja kwa wakati. Mwisho wa sura weka faili zima linalokompailika, na vipande vyako vyote vikatwe humo, visiandikwe upya. Ukiruka mistari, usiweke nukta tatu tupu, kwa sababu mtu atazinakili na kompaila itagoma. Andika `/* ... mistari ya juu inabaki vilevile ... */`. Hayo ni maoni halali ya C, yakinakiliwa hayadhuru.

Dada wa Ujiji: Asante sana. Na amri za terminali, niache alama ya `$` mbele?

Jibu: Iondoe kama kisanduku kina amri tupu, mtu ainakili moja kwa moja. Iache pale tu amri na majibu yake viko pamoja, ili vitofautishwe. Namba za mistari nazo zisiwe sehemu ya maandishi yanayonakilika.

Fundi wa Mwandiga: Nyongeza ndogo upande wa mipangilio. Niliona mfano umeandikwa hivi, Apache ikakataa kuwaka:

```
SetHandler salamu  # moduli yetu
```

Jibu: Fundi, asante, hili nililisahau. Kwenye mipangilio ya Apache `#` ni maoni pale tu inapoanza mstari. Huwezi kuiweka baada ya agizo. Kwa hiyo kwenye nyaraka maelezo yapande mstari wa juu:

```
# moduli yetu
<Location "/salamu">
    SetHandler salamu
</Location>
```

Na ukivunja agizo refu kwa `\`, hiyo `\` iwe herufi ya mwisho kabisa. Nafasi moja tu baada yake inaharibu, na kwenye ukurasa haionekani. Itafute kwa `grep -n ' $'`.

Mwalimu wa Kasulu: Habari za huko. Sisi huku tunategemea karatasi. Mistari mirefu inajikunja, wanafunzi wanadhani ni mistari miwili. Tufanyeje?

Jibu: Shikamoo mwalimu. Tumia fonti ya Courier, ukubwa wa 10. Kila herufi yake ina upana mmoja, na inchi moja inabeba herufi 12. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiacha pambizo za milimita 20 kila upande unabaki na 170, ambazo ni karibu inchi 6.7, sawa na herufi 80. Ile 80 ya hatua ya 3 inaingia kamili. Steshenari nyingi zinaacha pambizo za milimita 25, na hapo zinaingia 75 tu, ndiyo sababu ya kujikunja. Waambieni wapunguze pambizo, au andikeni mfano usiozidi 75. Kwenye simu ni tofauti: msiukunje mstari, wekeni `overflow-x: auto` kwenye `pre` ili msomaji ausogeze kwa kidole.

Mwalimu wa Kasulu: Marahaba. Na maoni ya msimbo yanatoka hafifu, hayasomeki.

Jibu: Ni rangi ya kijivu ya kwenye skrini, mashine ya nyeusi na nyeupe inaififisha, na kopi ya kopi inaimaliza. Kwa nakala ya kuprinti wekeni maoni yawe meusi ya mlalo. Angalieni pia kama fonti inatofautisha 0 na O, na 1 na l. Courier ya kawaida haina mstari ndani ya sifuri. DejaVu Sans Mono inatofautisha vizuri, ila herufi zake ni pana kidogo kwa ukubwa uleule, kwa hiyo shukeni hadi 9.5 mpime upya.

Kijana wa Gungu: Mkuu samahani kwa pale mwanzo. Nimerudia hatua ya 7, diff imeonyesha mistari yote yenye `<`, `>` na `&`. Nilipitisha sed mara mbili.

Jibu: Safi sana. Rudi kwenye faili la mwanzo, pitisha mara moja. Ukimaliza nitumie sura yako nzima, nitaikompaili kwangu kabla hatujaipeleka kwa mwalimu Kasulu.