Kupandia Treni Pugu Bila Kwenda Mjini

Kama unakaa Gongo la Mboto, Ukonga, Chanika au Kisarawe na una safari ya Morogoro au Dodoma, sioni kwa nini ukae kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere mpaka katikati ya jiji la Dar es Salaam, halafu treni ikuchukue ikurudishe hukuhuku ulikotoka. Pandia Pugu. Mimi nakaa hapahapa Pugu, Kajiungeni, nauza vitenge, na wateja wangu wakubwa wako Morogoro. Haya ninayoyaeleza ndiyo ninayowaambia majirani kila wanaponigongea mlango kuuliza.

Kwanza jua unataka reli ipi, maana Pugu zipo mbili. Ya zamani ni ile nyembamba, ya upana wa mita moja. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Ndiyo inayopitisha treni za bara, na ndiyo ya treni ya mjini ambayo watu wanaiita "ya Mwakyembe". Dk. Harrison Mwakyembe alikuwa Waziri wa Uchukuzi huduma hiyo ilipoanza Oktoba 2012, kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa. Sisi wa Pugu tulisubiri hadi 2016, na waziri mwenyewe alikuwa ameshahamishiwa kwingine, lakini jina tumelibeba hivyohivyo. Hiyo ni treni ya mfanyakazi: asubuhi inapeleka watu mjini, jioni inawarudisha. Huduma yake huwa inasimama na kurudi, kwa hiyo ulizia siku moja kabla.

Ya pili ni SGR, yaani reli mpya ya kisasa iliyo pana zaidi, ya treni ya umeme. Wengi hawakumbuki kwamba jiwe la msingi la reli hii liliwekwa hapahapa Pugu, na Rais Magufuli, Aprili 2017. Abiria walianza kusafiri kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Julai mwaka huohuo treni ikafika Dodoma. Ukipanda bodaboda au bajaji usiseme "nipeleke stesheni" ukanyamaza. Sema "Pugu SGR", la sivyo utashushwa kwenye reli ya Mjerumani na begi lako, dakika zinakwenda.

Sasa tiketi. Unaweza kukata dirishani au kwenye mtandao wa TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania. Ukitumia simu, kwenye kituo cha kuondokea chagua Pugu, usiache Dar es Salaam. Ukiona Pugu haipo kwenye orodha, ujue hiyo treni uliyochagua ni ya haraka, hapa inapita tu. Ya kwetu ni ya kawaida, ile inayosimama Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na kuendelea. Ukimaliza kujaza utapewa namba ya malipo. Ilipe papo hapo, usiseme utalipa usiku, maana nafasi isiyolipiwa inarudishwa sokoni.

Jina uandike kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Kama NIDA inasema Mwanahamisi, usijaze Mwana kwa sababu ndivyo unavyoitwa mtaani. Kitambulisho hichohicho utakionyesha getini.

Na saa, jamani. Tiketi inaandika 06:00, maana yake saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshawaona watu wanafika saa sita mchana wametulia kabisa, wamebeba na maji ya njiani.

Kuhusu bei, nauli zilizotangazwa 2024 kwa daraja la kawaida zilikuwa shilingi 13,000 Dar es Salaam hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Dar es Salaam hadi Pugu, kilomita 19, ilikuwa 1,000. Watoto wa miaka 4 hadi 12 walipangiwa nusu. Angalia bei ya siku unayokata, lakini hapo umeshaona: kupandia Pugu hakukupunguzii nauli kwa kiasi cha kujisifia. Unachookoa ni saa nzima ya foleni na hela ya daladala.

Mzigo ndio unaowaliza wenzangu wafanyabiashara. Uzito una kikomo, na hii si basi kwamba utaongea na konda. Vitenge vinadanganya: ukivikunja furushi ni dogo, ukiliinua mkono unakatika. Mimi napitia kwanza kwa muuza mchele wa mtaani, ananiwekea furushi kwenye mizani yake. Likizidi nalipunguza, kilichobaki nakituma kwa lori.

Fika mapema, angalau saa moja kabla, kwa sababu kuna mashine ya kukagua mizigo na foleni yake inategemea siku. Ijumaa jioni ongeza muda. Simu iwe na chaji kama tiketi iko humo, au iprinti, karatasi haizimiki. Ukishapita ukaguzi tazama namba ya behewa kabla ya kushuka jukwaani, usimame karibu na linapokuja. Pugu treni haikai. Ukianza kukimbia na furushi kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho, wewe na treni mtaagana. Ukikosea, ingia mlango wowote ulio karibu, utembee kwa ndani hadi kiti chako.

Kama unapenda kuona nje, omba dirisha. Treni ikiondoka tu Pugu unaingia kwenye vilima na msitu, mpaka unasahau kwamba uwanja wa ndege uko kilomita chache nyuma yako.

Ukirudi usiku, panga usafiri wa kukupokea kabla hujashuka. Bodaboda wapo, ila wakiona treni imeingia bei inapanda yenyewe.